Chumvi Ina Mkono Mmoja

Katika miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi chini yake sikumwona Shefu ameketi akala. Alikula wima, amegeukia ukuta, kijiko kimoja cha hiki na kijiko kimoja cha kile, kama mtu anayeiba. Ukimwambia, "Shefu, karibu ukae," atakujibu, "Nilikaa sana tumboni mwa mama yangu," kisha atakipangusa kijiko kwa kitambaa cha begani na kukirudisha mfukoni. Kijiko hicho kilikuwa chake, si cha hoteli. Kilikuwa kijiko kidogo cha chai chenye mpini uliopinda, na kila mtu katika jiko lile la Diani alikijua, kwa sababu hakuna chungu kilichotoka kwenda kwa wageni bila kupitiwa na kijiko hicho.

Tulimwita Shefu tu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kadi aliyoivaa kifuani, lakini nadhani hata meneja alikuwa ameshalisahau. Naye alitulipiza kwa kutuita kwa kazi zetu. Mkata nyama alikuwa Nyama. Waosha vyombo wote, wawe watano au sita, walikuwa Vyombo. Mimi niliyekuwa nikiandaa matunda na mboga mbichi nilikuwa Saladi. Mwanzoni nilichukia. Mtu umezaliwa, umechinjiwa akika, umepewa jina zuri la Kiislamu, halafu unaitwa Saladi mbele ya watu! Baadaye nilizoea, na siku aliponiita kwa jina langu halisi, siku ya mwisho ya hoteli, nililia.

Alikuwa na maneno machache aliyoyarudia mpaka tukayaota. "Andika tarehe." Chochote kilichoingia kwenye friji kilibandikwa karatasi yenye tarehe, hata kikiwa nusu ya ndimu. "Cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka." "Ukibeba cha moto, piga kelele." Na lile kubwa kuliko yote, "Chumvi ina mkono mmoja." Maana yake ni kwamba chungu kimoja hutiwa chumvi na mtu mmoja, na mtu huyo akishatia lazima aseme kwa sauti, "Chumvi tayari!" Jiko zima lilimjibu, "Tayari, Shefu!" hata kama aliyetia si Shefu, na tangu hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa chungu kile kwa chumvi. Mpishi mmoja mwenye umri kumshinda aliwahi kuongeza kijichumvi kwenye supu isiyokuwa yake. Shefu alimrudisha nyumbani siku tatu. Tulimwombea msamaha, akakataa katakata. "Mikono miwili kwenye chumvi," alisema, "ni wake wawili chumba kimoja. Kukiharibika, hutapata wa kukuambia ukweli."

Alikuwa mgumu wa sifa. Ukifanya vizuri hakusema kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa tuzo yako. Alipiga kelele kwa sababu ya jani la giligilani lililonyauka, lakini jambo likiwa baya kweli alinong'ona. Siku mafuta yaliposhika moto, miali ikafika dari, sote tukirukaruka, yeye alipita katikati yetu akinong'ona, "Gesi. Kifuniko. Rudi nyuma," na moto ukazimika. Tukajifunza kwamba Shefu akifoka mambo ni shwari, akinong'ona kimbia.

Na alikuwa na dharau, nisimpambe. Wapishi wa shughuli, wale wanaopika pilau za harusi na hitima kwenye masufuria makubwa ya kuni, hakuwahesabu kuwa wapishi. Alisema wanapika kwa mwiko na matumaini. Nyumbani kwake Bongwe, majirani walipokuwa na harusi, alikwenda akala akashukuru, na Jumatatu akaja kutusimulia jinsi wali ulivyokuwa na tabaka mbili, mbichi na uliotota. Tulicheka. Leo sijui tulicheka nini.

Lakini ukitaka kumwona Shefu kamili, ungemwona Ramadhani. Wengi wetu jikoni tulikuwa tumefunga, na wageni walikula kama kawaida yao, asubuhi, mchana na jioni. Wapishi wengine walionja kwa ncha ya ulimi na kutema, jambo ambalo masheikh wamemruhusu mwenye kazi hiyo. Shefu hakutaka. "Sheria imeruhusu," alisema, "mimi sijajiruhusu." Mwezi mzima kijiko kilikaa mfukoni na yeye alipika kwa pua. Aliinama juu ya chungu, akafumba macho, akavuta pumzi mbili fupi, akasema, "Chumvi bado." Siku moja nilimwambia kwamba chumvi haina harufu.

"Haina," alikubali. "Lakini mchuzi usio na chumvi unanuka usingizi. Ukipata chumvi unaamka."

Baada ya kufuturu tulikwenda kuonja mabaki ili tumkamate, na hatukumkamata hata mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na hakuificha. Alituambia kila mwaka kwamba hajawahi kurudishiwa sahani ndani ya mwezi mtukufu.

Kuna jambo jingine la Ramadhani ambalo lazima nilieleze, ingawa linanitia haya. Sisi wanawake tulikuwa sita jikoni, na mwanamke ana siku zake ambazo hafungi wala haswali. Siku hizo kwetu hazitajwi. Unashinda na njaa yako kati ya watu waliofunga, midomo imekauka, hutaki mtu akuone unameza hata mate. Sasa, nyuma ya magunia ya viazi stoo, kila siku ya Ramadhani kulikuwa na sahani imefunikwa, na gilasi ya maji juu yake. Aliyeiweka ni Shefu. Hakuwahi kusema neno. Mwenye haja aliingia stoo kama anayechukua viazi, akala, akatoka na viazi. Mwanamume mmoja mgeni jikoni aliiona akauliza, "Shefu, sahani hii ya nani?" Shefu akamjibu, "Ya mwenyewe," na akampa gunia la vitunguu amenye mpaka jioni.

Kisha ukaja ugonjwa ule uliofunga viwanja vya ndege, na hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, na ya kwetu haikufunguliwa tena na wenyewe wale wale. Kabla ya kutuaga, uongozi ulimleta msichana kutoka Nairobi mwenye kompyuta ndogo na moyo mzuri, aje atufundishe namna ya kubadilisha kazi. Tulikaa kwenye ukumbi wa mikutano, kila mtu kiti chake mbali na cha mwenzake, barakoa usoni. Alitugawia karatasi.

"Sasa kila mtu aandike skills zake zote, hata zile ndogo ndogo. Msijidharau, sawa?"

Nyama alijaza ukurasa. Mimi niliandika sita au saba. Msichana alipofika kwa Shefu alikuta neno moja, kupika.

"Shefu, hii haitoshi," alimwambia kwa upole. "Wewe umesimamia watu thelathini, si ndio? Umewapangia zamu, umeagiza vitu, umehakikisha hakuna mgeni anaumwa tumbo. Hizo zote ni skills. Unaweza kusimamia stoo, shule, hata hospitali."

Shefu alivua miwani. "Binti yangu, hayo uliyoyataja si kazi. Hayo ni adabu."

"Sasa kazi ni gani?"

"Kazi ni hii," akagusa mdomo juu ya barakoa, "na hii," akagusa pua.

Watu walicheka, hata msichana mwenyewe. Mimi pia nilicheka, lakini nimelifikiria jibu lile miaka mingi na nimeona kwamba hapo ndipo mzee wetu alipojifunga kamba. Maana kile alichokiita adabu ndicho kilichotulisha sote. Nyama sasa ni kinyozi Ukunda, na anasema mkono wa kunyoa ndevu ndio ule ule wa kuchuna kiuno cha mbuzi. Mmoja wa Vyombo anasafisha vifaa vya daktari wa meno. Mimi nilikwenda kuomba kazi kwa muuzaji wa dawa za jumla pale Ukunda. Aliniuliza najua nini kuhusu dawa. Nikamwambia sijui chochote, lakini maboksi yako mapya umeyaweka mbele na ya zamani nyuma, na lile la pili pale limekwisha muda wake. Alikwenda kutazama. Jioni ile ile nilikabidhiwa funguo za stoo. Nilifika nyumbani nikimshukuru Shefu kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Yeye hakuikubali hata moja ya kazi za namna hiyo. Mwenye duka kubwa alimtaka awe msimamizi wa ghala, akasema, "Nisimamie sabuni?" Hoteli nyingine zilipofunguliwa alipeleka barua zake. Vijana waliomhoji walimwita mzee, wakamwambia watampigia, na simu haikulia. Halafu chuo kimoja kidogo cha mapishi kilimpa kazi ya kufundisha. Tulifurahi sana. Tulisema sasa amefika. Alifundisha wiki mbili akaacha, na alipoulizwa alisema wanafunzi hawana adabu.

Sababu ya kweli niliijua mimi peke yangu, na niliijua kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kumjulia hali Bongwe, siku ya Jumapili. Mkewe alikuwa amekwenda msibani, naye amekaa kibarazani anasoma gazeti, jiko la makaa liko hatua mbili kutoka kwake na juu yake sufuria ya maziwa. Nilisikia harufu yake yakiungua tangu njiani. Nilipofika langoni moshi ulikuwa mweusi, na Shefu yule, aliyeweza kuinuka mezani kwa meneja akaenda kuzima kitunguu kilichokuwa kikiungua upande wa pili wa jiko, alikuwa amekunja mguu akifungua ukurasa mwingine.

"Shefu, maziwa!"

Aligeuka akayatazama kwa muda mrefu. Hakuinuka. Nikaiepua mimi kwa ncha ya leso.

"Tangu homa ya ugonjwa ule," alisema. Alikuwa ananong'ona. "Nilidhani pua itarudi."

"Hata kidogo?"

Aliingia ndani akatoka na karafuu kiganjani, akazisaga kwa vidole, akaziweka puani. "Najua ni karafuu kwa kuwa naziona," alisema. Kisha akaniambia kuhusu ulimi. Chumvi na sukari vilikuwa mchanga mtupu. Kule chuoni wanafunzi walimletea vyungu vyao aonje awape alama, naye aliwapa alama kwa kutazama rangi, mpaka siku aliyompa alama za juu binti aliyetia magadi badala ya chumvi. Darasa lilidhani anafanya mzaha. Yeye alichukua begi lake akaondoka.

"Usimwambie mtu," alisema. Nikaapa.

Nikawa kama nimefanywa ndugu yake kwa nguvu. Nilipomtembelea nilimwonjea mchuzi wake nyuma ya mlango, mkewe asione. Nikamwambia, "Kidogo tu, Shefu," au "Imetosha." Alikuwa ananitazama usoni ninapoonja, na uso ule sitaki kuukumbuka. Mtu mzima anasubiri kuambiwa mchuzi wake ukoje.

Ramadhani ya mwaka uliofuata, msikiti wa pale Bongwe ulifuturisha watu wote, na gharama alizibeba tajiri mmoja mwenye kampuni ya upishi wa shughuli. Harusi zote kubwa kutoka Ukunda mpaka Msambweni zilikuwa zake. Tajiri huyo alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia jiko. Alimwambia imamu, "Mpeni Shefu apike, nami nitakuja kufuturu. Nikiridhika, jiko ni lake." Imamu alimfikishia, na Shefu aliyewacheka wapishi wa kuni miaka yote hiyo akasema ndiyo kabla imamu hajamaliza. Alikuwa na mwaka mzima na nusu bila kuitwa Shefu na mtu asiyemhurumia. Aliniomba nije nimsaidie, na nilijua ananiitia nini.

Nilifika adhuhuri. Alikuwa amepanga uwanja ule nyuma ya msikiti mpaka ukafanana na jiko letu la Diani. Nazi zimekunwa ziko upande mmoja, vitunguu vimekatwa kwa kipimo kimoja, masinia yamepangwa kumi kumi. Lakini msikiti si hoteli. Siku ya futari ya msikiti kila anayepita anataka thawabu, na thawabu iko kwenye mwiko. Mama huyu anakoroga kidogo, bwana yule anasukuma kuni, ajuza anatupia iliki yake kutoka nyumbani kwa nia ya marehemu mumewe. Huwezi kumfukuza mtu anayetafuta thawabu. Shefu alijaribu kuwaeleza habari ya mkono mmoja, wakatikisa kichwa kwa heshima, wakaendelea.

Baada ya alasiri nyama ilikuwa imeiva na tui limeshatiwa. Shefu alichukua bakuli la chumvi akasimama.

"Nyama hii ina chumvi?" aliuliza.

"Imetiwa asubuhi," alisema mama mmoja.

"Bado, bado," alisema mwingine, "ile ilikuwa ya kuoshea tu."

Walikuwapo wanaume watatu kando ya sufuria, mmoja ni karani wa msikiti. Shefu aliwatazama. "Nani ataonja?"

Walicheka. "Ah, Shefu! Mwezi mtukufu, nani hapa hajafunga?"

"Ncha ya ulimi, mtu ateme. Imeruhusiwa."

"Basi onja wewe mpishi, ndiwe uliyeruhusiwa," alisema karani, na wenzake wakaitikia. Kila mmoja alimsukumia mwenzake. Watoto wasiofunga walikuwa bado chuoni wanasoma Kurani. Hakuna mtu mzima aliyetaka kuonekana anatia mchuzi mdomoni nyuma ya msikiti.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na sikuwa nimefunga. Nilikuwa katika siku zangu. Ningeweza kuchukua upawa nikaonja nikameza, bila dhambi yoyote, na kumwambia kweli. Lakini wale wanaume watatu walikuwa wamesimama pale. Nikiinua upawa, watajua. Watajua, na kesho karani atakaponipita njiani atakuwa anajua. Niliinamisha macho nikapanga masinia. Shefu aligeuza uso wake upande wangu, akanitazama kiasi cha pumzi moja, akageukia sufuria. Aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi mbili fupi kama zamani. Mimi peke yangu nilijua kwamba hasikii kitu. Kisha akachota chumvi kwa kiganja, akatia, akachota tena.

"Chumvi tayari," alisema. Hakuna aliyemjibu.

Adhana ya magharibi ilipolia watu walikula tende, wakaswali, wakakaa kwenye majamvi, sinia moja watu watano. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la wanawake nikisikiliza. Kwanza kulikuwa na ukimya wa kawaida wa watu wenye njaa, halafu ukimya mwingine. Nikasikia maji yanaombwa, na yanaombwa tena. Laiti wangetukana! Watu wetu hawatukani chakula, hasa cha futari. Walisema alhamdulillahi, wakanawa, na masinia yakarudi yamemegwa pembeni tu. Nilitia tonge mdomoni na sikuweza kulimeza. Ilikuwa chumvi tupu. Tajiri alimfuata Shefu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie, Shefu," akaingia kwenye gari lake. Hakupiga simu, wala hakuna aliyetarajia kwamba atapiga.

Shefu aliosha masufuria yote kwa mkono wake. Nilimsaidia. Miezi michache baadaye yeye na mkewe walihamia Msambweni, kwa shemeji yake, na mimi sikwenda kumtembelea. Nilijiambia kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeuza jina la mtu kwa kuogopa macho ya karani wa msikiti, na sikuwa na uso wa kwenda nao.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, mjomba wangu alifariki. Alikuwa akiishi peke yake shambani Kikoneni, na alionekana siku ya tatu. Sitaeleza zaidi. Mwosha maiti wa pale alifika mlangoni, akafunika pua kwa kofia, akarudi, akasema mgongo unamsumbua. Wazee walitazamana. Ndipo mmoja akasema, "Msambweni kuna mzee mmoja. Hata waliozama baharini ni yeye anayewaosha. Mpigieni."

Alikuja kwa bodaboda asubuhi ile ile, na kijana mmoja wa kumsaidia. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachemsha maji, nikaona kwanza kitambaa begani. Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe. Alikunjua begi lake chini kwenye mkeka, na lilikuwa lile lile begi la turubai alilobebea visu vyake Diani, lenye mifuko mirefu. Katika mfuko wa kisu cha samaki palikuwa na mkasi. Katika mfuko wa kisu cha mkate palikuwa na pamba. Sabuni, sindano, uzi, majani ya mkunazi, kila kimoja kilikuwa na karatasi yake ya tarehe.

Alikuja kwenye moto, akatumbukiza kifundo cha mkono ndani kwenye maji, akahesabu kimoyomoyo. "Yaepue," alisema. Kisha akaniona. "Saladi."

"Shikamoo, Shefu."

"Marahaba. Marehemu ni nani wako?"

"Mjomba."

Alisoma innalillahi, akamwombea kwa muda. Ndani, wajomba zangu walikuwa wanafunga mapazia, na tulisikia mmoja anatapika. "Waambie watoke," alisema. "Nitamwosha na huyo kijana niliyekuja naye, amezoea. Watu wanaikimbia kazi hii kwa sababu ya pua. Mimi sina ya kunikimbiza." Alisema bila kucheka. Akaomba mabeseni matatu, akayapanga kwa mstari, la majani ya mkunazi, la maji safi, la kafuri, akaweka kata ya maji juu ya kila moja kabla hajagusa kitu.

Nikaona nisiposema pale sitasema tena.

"Shefu, siku ile ya futari sikuwa nimefunga."

Aliendelea kukunja pamba. "Najua."

"Umejuaje?"

"Alasiri wanawake wote waliingia kuswali. Wewe ulibaki unapanga masinia niliyokuwa nimeshayapanga."

"Basi kwa nini hukunipa upawa? Ungeniambia tu, onja."

"Wanaume watatu wanakutazama mdomoni, nikupe upawa?"

"Lilikuwa jina lako, Shefu! Ilikuwa kazi yako yote!"

"Ilikuwa chumvi," alisema. Kisha akanong'ona, na nilipomsikia ananong'ona nilijua ni jambo kweli. "Usidhani sikuumia. Mpaka leo nikipita kwenye jiko la watu nageuza uso. Mke wangu akikoroga sufuria mimi hutoka nje. Sikudanganyi, Saladi, sijapona na sitapona. Lakini upawa ule nisingekupa."

Nililia kwa leso mdomoni, na watu waliokuwa uani walidhani namlilia mjomba. Wazee walikuwa wameketi kwenye viti, imamu amekuja, majirani wamejaa mpaka kwenye migomba. Shefu alitoa vipakiti viwili kutoka kwenye mfuko wa kisu kidogo.

"Nusa," alisema. "Wanatuuzia dawa ya nondo kwa jina la kafuri, na mimi nitajuaje? Nimewahi kumzika mtu ananuka kabati. Jamaa zake waliniambia baada ya wiki nzima, kwa heshima zao. Nusa uniambie kweli."

Uani watu wote walikuwa wanatutazama. Nilishusha leso usoni, nikainua kipakiti cha kwanza mpaka puani, nikavuta pumzi mbili.

"Hii si kafuri, Shefu."

"Na hii?"

"Hii ndiyo."

Alikitupa cha kwanza motoni. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kijiko, kile kidogo cha chai chenye mpini uliopinda, akachota kafuri, akapima kwa jicho, akaimimina katika beseni la tatu na kukoroga.

"Kafuri tayari," alisema polepole.

Nikamjibu mbele ya wazee wote, "Tayari, Shefu," naye akainua beseni akaingia kwa mjomba wangu.